Ataksia: Kwa Nini Mgonjwa Anayeyumba Anahitaji Jina Sahihi la Kinachomsumbua

Mtu mzima asiyewahi kuonja pombe anapoanza kutembea kwa kuyumba, kumwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni na kuzungumza kwa ulimi mzito, mara nyingi hukumu ya majirani humfikia kabla ya huduma ya daktari. Wapo watakaosema amelewa, wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaomshauri apumzike kwa kuwa umri umekwenda. Miezi hupita, akiba ya familia hupungua kwa dawa za kubahatisha, na chanzo halisi cha tatizo kinaendelea kufanya kazi yake ndani ya mwili bila kuguswa.

Dalili hizo zinaweza kuwa za ataksia, yaani kupotea kwa uwezo wa mwili kuratibu mienendo yake. Kila mwaka tarehe 25 Septemba huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ataksia, na Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa utekelezaji wa mwaka 2022 hadi 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu. Hata hivyo, kwa mwananchi wa kawaida swali la kwanza hubaki lile lile: mgonjwa anayeyumba apelekwe wapi, achunguzwe nini, na atajuaje kwamba jina alilopewa la ugonjwa wake ndilo sahihi?

Swali hilo ni zito kwa sababu ataksia ni dalili inayoweza kuletwa na magonjwa mengi tofauti. Baadhi yake huondoka kwa vidonge au sindano za vitamini. Mengine huhitaji upasuaji wa haraka. Mengine hurithiwa katika ukoo na bado hayana dawa ya kuyaponya. Anayepewa jibu lisilo sahihi anaweza kukosa tiba iliyokuwapo, au kubeba kwa miaka mingi hofu isiyomhusu.

Nguvu ipo, mpangilio haupo

Ili mtu anyooshe mkono na kuchukua kikombe, misuli kadhaa hulazimika kukaza na kulegea kwa zamu, kila mmoja kwa kiasi na wakati wake. Kazi ya kupanga zamu hizo hufanywa kwa sehemu kubwa na serebela, yaani ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, juu kidogo ya kisogo. Serebela hupokea taarifa kutoka pande tatu: macho, mishipa ya fahamu inayoeleza viungo viko katika mkao gani, na sehemu ya ndani ya sikio inayopima usawa wa mwili.

Hitilafu ikitokea katika serebela yenyewe, katika mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za viungo, au katika mfumo wa usawa wa sikio la ndani, mtu huyumba. Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kujua ni wapi kati ya maeneo hayo matatu pameharibika, kwa kuwa kila eneo lina orodha yake ya magonjwa.

Hapa ndipo lugha ya kila siku inapoweza kumpoteza hata mtaalamu. Wagonjwa wengi hueleza tatizo lao kwa maneno mawili: "kizunguzungu" na "miguu haina nguvu". Neno kizunguzungu hutumika kwa mtu anayeona nyumba ikimzunguka, kwa anayehisi kuzimia anaposimama, na kwa anayepepesuka bila kuhisi chochote kichwani. Hali hizo tatu hazina chanzo kimoja. Vivyo hivyo, mgonjwa wa ataksia anaweza kuwa na misuli yenye nguvu kamili lakini isiyofuata mpangilio, wakati aliyepooza nguvu yenyewe ndiyo imepungua. Mgonjwa anayeeleza kwa vitendo, kwa mfano kwamba anashindwa kufunga vifungo vya shati, hushika ukuta anapooga gizani, au mwandiko wake umebadilika, humsaidia daktari kuliko anayetaja jina la ugonjwa aliloambiwa na mtu mwingine.

Wakati ni shahidi wa kwanza

Swali lenye uzito kuliko yote katika chumba cha daktari ni lini dalili zilianza na zimekwenda kwa kasi gani.

Kuyumba kulikoanza ghafla, ndani ya dakika au saa chache, ni dharura. Kiharusi cha serebela kinaweza kutokea bila kupooza mkono wala mguu. Mgonjwa hutapika, hushindwa kusimama na hulalamika kizunguzungu kikali, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ana malaria au amekula chakula kibaya. Uvimbe unaofuata kiharusi hicho unaweza kukandamiza shina la ubongo linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na inapofaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mgonjwa wa namna hiyo hasubiri asubuhi.

Kuyumba kulikojengeka kwa siku au wiki humwelekeza daktari kwenye maambukizi, sumu, dawa, upungufu wa vitamini au uvimbe. Kwa mtoto, kuyumba kunakoambatana na maumivu ya kichwa na kutapika, hasa nyakati za asubuhi, hulazimu uchunguzi wa haraka wa uvimbe katika sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa upande mwingine, mtoto aliyeanza kuyumba siku chache baada ya tetekuwanga anaweza kuwa na mwasho wa serebela ambao mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Mzazi hawezi kutofautisha hali hizo mbili kwa macho; kazi hiyo ni ya hospitali.

Kuyumba kunakoongezeka polepole kwa miezi na miaka ndiko kunakofungua mjadala wa magonjwa ya kurithi na yale ya kuchakaa kwa ubongo. Lakini hata hapo, utaratibu sahihi ni kuanza kwa kuondoa sababu zinazotibika kabla ya kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake hauna dawa.

Sababu zinazotibika zitafutwe kwanza

Upungufu wa vitamini B12 huharibu uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, na mgonjwa huanza kupoteza hisia ya mahali miguu yake ilipo. Walio katika hatari zaidi ni wazee, wasiokula vyakula vitokanavyo na wanyama, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wenye magonjwa ya tumbo yanayozuia ufyonzaji wa vitamini hiyo, na baadhi ya watumiaji wa muda mrefu wa metformini, dawa ya kisukari. Kumpa mgonjwa huyo foliki asidi peke yake kunaweza kurekebisha damu yake huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kwa hiyo damu iliyorudi kawaida si uthibitisho kwamba tatizo limekwisha.

Upungufu wa vitamini B1 huwapata baadhi ya watumiaji wakubwa wa pombe na pia wajawazito wenye kutapika kupindukia. Kuyumba, macho kushindwa kusogea sawasawa na kuchanganyikiwa ni dalili zinazohitaji vitamini hiyo kwa sindano mara moja. Ni kweli pia kwamba pombe yenyewe, ikitumiwa kwa wingi kwa miaka mingi, huharibu serebela. Hata hivyo, kumwona mgonjwa kuwa mlevi kusiwe mwisho wa uchunguzi, kwa kuwa mnywaji naye anaweza kuwa na uvimbe, maambukizi au upungufu wa vitamini unaotibika.

Tezi ya koo inayofanya kazi chini ya kiwango, kaswende iliyofika katika mfumo wa fahamu, na maambukizi ya VVU pamoja na magonjwa nyemelezi yake navyo vinaweza kuleta ataksia. Kifua kikuu kinaweza kujenga vivimbe katika ubongo. Minyoo tegu ya nguruwe, ambayo mayai yake humfikia binadamu kupitia chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi, inaweza kuacha vifuko vya lava katika ubongo. Magonjwa haya yana vipimo na yana dawa.

Kundi jingine ni dawa zenyewe. Fenitoini, inayotumika kutibu kifafa, ikizidi katika damu humfanya mgonjwa ayumbe, aone vitu viwili viwili na macho yake yachezecheze. Kiwango kikirekebishwa mapema, dalili hupungua. Kikiachwa juu kwa muda mrefu, serebela inaweza kuharibika kabisa. Karbamazepini inaweza kuleta hali inayofanana na hiyo, na metronidazo iliyotumika kwa muda mrefu imewahi kuhusishwa na kuyumba. Mgonjwa wa kifafa anayeanza kuyumba hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo lenye kuhatarisha maisha. Anachopaswa kufanya ni kurudi kliniki haraka akiwa na dawa zake zote mkononi.

Mazingira ya mgonjwa ni sehemu ya kipimo

Daktari anayemchunguza mgonjwa anayeyumba huuliza pia anaishi wapi, anakula nini na anafanya kazi gani.

Katika machimbo madogo ya dhahabu, zebaki hutumika kukamata chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa. Anayevuta mvuke wake mara kwa mara anaweza kupata mtetemeko wa mikono, kuyumba na kupungukiwa kumbukumbu. Mchomaji si peke yake aliye hatarini. Mama na watoto wanaokaa katika nyumba ambamo uchomaji unafanyika nao huvuta mvuke huo. Mgonjwa asipotaja kazi yake, na daktari asipouliza, chanzo hicho hakitaonekana katika picha ya ubongo.

Muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo una historia yake nchini. Ugonjwa wa konzo, uliopewa jina hilo katika eneo la Kwango nchini Kongo na kuelezwa kitabibu na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938, uliwahi kuzuka Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame wa mwaka 1985, na baadaye ukaripotiwa mkoani Mtwara miaka ya 2002 na 2003. Njaa na haraka ya kupata chakula ziliwafanya watu wafupishe muda wa kuloweka na kukausha muhogo, na sumu ya sianidi ikabaki katika unga. Konzo huja ghafla, hukaza miguu yote miwili, na baada ya hapo kwa kawaida haiendelei kuongezeka. Kwa maana hiyo si ataksia, ingawa mwendo wa mgonjwa unaweza kumchanganya asiyeufahamu. Ipo hali nyingine inayohusishwa na ulaji wa muhogo kwa miaka mingi, ambapo mtu mzima hupoteza polepole hisia ya miguu, hushindwa kutembea gizani, na huweza kupungukiwa uwezo wa kuona na kusikia. Hiyo ndiyo inayoingia katika orodha ya ataksia. Kutofautisha hali hizo mbili huhitaji historia iliyochukuliwa kwa uangalifu zaidi ya mashine ya gharama.

Kinachofanyika katika chumba cha uchunguzi

Sehemu kubwa ya utambuzi wa ataksia haihitaji umeme. Daktari humtazama mgonjwa akiingia, akigeuka na akitembea kwa kugusisha kisigino cha mguu mmoja na kidole cha mguu mwingine katika mstari mnyoofu. Humtaka aguse pua yake kisha kidole cha daktari, arudie mara kadhaa, na ateleze kisigino juu ya muundi wa mguu wa pili. Husikiliza matamshi yake na hufuatilia macho yanavyosogea.

Kipimo kimoja chenye maana kubwa ni kusimama miguu ikiwa pamoja, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Anayesimama vizuri macho yakiwa wazi lakini akayumba sana anapoyafumba, kwa kawaida ana tatizo katika mishipa inayopeleka taarifa za mkao wa viungo au katika mfumo wa usawa wa sikio. Macho yalikuwa yanamsaidia kuficha upungufu huo. Anayeyumba hata macho yakiwa wazi huelekeza zaidi kwenye serebela. Ndiyo sababu maelezo ya mgonjwa kwamba huanguka anaponawa uso au umeme unapokatika yana thamani ya kitabibu.

Wataalamu pia hutumia kipimo cha alama kinachojulikana kwa kifupi cha SARA, kilichochapishwa mwaka 2006. Kina vipengele vinane, vikiwamo kutembea, kusimama, kukaa, kuzungumza na mienendo ya mikono na miguu, na jumla yake huanzia 0 hadi 40. Alama hizo hazitaji chanzo cha ugonjwa, lakini zikirudiwa baada ya miezi huonesha kama mgonjwa anazidiwa, amebaki pale pale au anapata nafuu. Ataksia inayopungua baada ya vitamini au baada ya dawa kubadilishwa imekwishatoa jibu muhimu kuhusu chanzo chake.

Baada ya hapo hufuata vipimo vya damu kulingana na mashaka ya daktari, na wakati mwingine kipimo cha maji ya uti wa mgongo au cha usafirishaji wa taarifa katika mishipa ya fahamu.

Picha ya ubongo: ipi na kwa nini

Si kila picha ya ubongo inaonesha kila kitu. Kipimo cha CT ni cha haraka na ni bora katika kutambua damu iliyovuja ndani ya kichwa. Hata hivyo, serebela imezungukwa na mifupa minene, na mifupa hiyo hutia ukungu katika picha ya CT ya eneo hilo. Kiharusi kipya cha serebela au uvimbe mdogo unaweza usionekane. Kipimo cha MRI, ambacho hakitumii mionzi, huonesha eneo hilo kwa uwazi zaidi: kama serebela imesinyaa, kama kuna uvimbe, kovu au alama za upungufu fulani.

Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba majibu ya CT yanayosema hakuna tatizo hayafungi suala iwapo dalili zinaendelea. Vilevile, MRI iliyotoka bila kasoro haimaanishi kwamba mgonjwa anaigiza. Katika ataksia zitokanazo na mishipa ya fahamu, na katika hatua za mwanzo za baadhi ya magonjwa ya kurithi, picha ya serebela inaweza kuwa ya kawaida.

Vinasaba: kipimo kinachohitaji kuchaguliwa vyema

Sababu zinazotibika zikikosekana, hasa kwa mgonjwa aliyeanza akiwa kijana au mwenye ndugu wenye hali kama yake, hufuata swali la kurithi. Ataksia ya kwanza kuelezwa kwa kina ni ile iliyopewa jina la Nikolaus Friedreich, daktari wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeanza kuichapishia maelezo mwaka 1863. Jeni inayohusika ilitambuliwa mwaka 1996. Kasoro yake ni ya ajabu kidogo: herufi tatu za vinasaba hurudiwa mara nyingi kupita kiasi, mfano wa karani aliyenakili neno moja mara mamia katika ukurasa mmoja, na mwili ukashindwa kusoma maelekezo yaliyobaki.

Ataksia nyingi za kurithi zinatokana na marudio ya namna hiyo, na jambo hilo lina athari ya moja kwa moja kwa mgonjwa. Vipimo vingi vya kisasa vinavyosoma maelfu ya jeni kwa wakati mmoja husoma vipande vifupi vifupi, na kwa hiyo vinaweza kupita juu ya marudio marefu bila kuyaona. Mtu anaweza kulipia kipimo ghali, akaambiwa hana kasoro, na bado akawa na ugonjwa. Swali la kuulizwa kabla ya kutoa damu ni kama kipimo hicho kinatafuta marudio, na katika jeni zipi.

Swali la pili ni la asili ya mgonjwa. Ataksia ya Friedreich ndiyo inayoongoza miongoni mwa ataksia za kurithi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hupatikana pia Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Bara Hindi. Miongoni mwa Waafrika weusi wa kusini mwa Sahara ni nadra mno kuonekana. Kwa upande mwingine, ataksia inayoitwa SCA7, ambayo huharibu serebela pamoja na retina ya jicho, imethibitishwa katika familia za Afrika Kusini na Zambia. Kwa hiyo orodha ya vipimo iliyoandaliwa kwa ajili ya wagonjwa wa Ulaya inaweza isimfae mgonjwa wa Afrika Mashariki, wakati Mtanzania ambaye mababu zake walitoka Uarabuni au Bara Hindi anaweza kuihitaji. Kupungua kwa uwezo wa kuona kwa mgonjwa anayeyumba, au kwa ndugu yake, ni taarifa isiyopaswa kuachwa nje ya maelezo.

Orodha yenyewe bado inakua. Mwaka 2019 ilitambuliwa kasoro katika jeni ya RFC1 inayoleta kuyumba, kupotea kwa hisia na mara nyingi kikohozi cha muda mrefu kisicho na maelezo. Aliyepimwa kabla ya hapo na kukosa jibu ana sababu ya kumuuliza daktari kama wakati umefika wa kupima tena.

Kujua jina la ataksia ya kurithi hubadilisha maamuzi. Ipo ataksia inayotokana na mwili kushindwa kuhifadhi vitamini E, ambayo dalili zake hufanana sana na zile za Friedreich, lakini huzuilika kwa kumeza vitamini hiyo kwa kiwango kikubwa maisha yote. Kuchelewa kuitambua ni kupoteza uwezo ambao huenda usirudi wote. Ipo inayokuja na kuondoka kwa vipindi, ambayo mara nyingi hutulizwa kwa dawa ya asetazolamidi. Kwa ataksia ya Friedreich, dawa ya omaveloxolone iliidhinishwa nchini Marekani Februari 2023 kwa wagonjwa wa umri wa miaka 16 na kuendelea. Na mgonjwa wa Friedreich huhitaji kufuatiliwa moyo na sukari, kwa kuwa ugonjwa huo hauishii katika mwendo.

Jibu la mmoja, taarifa ya ukoo

Kipimo cha vinasaba humpa mgonjwa jibu, lakini pia hufungua kurasa za watu wengine. Katika ataksia zinazorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, kama SCA7, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi. Baadhi ya ataksia hizo huanza mapema zaidi na kwa ukali zaidi kadiri kizazi kinavyofuata kizazi, hivyo mtoto anaweza kuugua kabla ya mzazi aliyemrithisha. Katika zile zinazohitaji kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, kama ya Friedreich, wazazi huwa wazima na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Hesabu hiyo haimlaumu baba wala mama, na familia inapaswa kuelezwa hivyo waziwazi, kwa kuwa ndoa zimewahi kuvunjika kwa tuhuma zisizo na msingi wa kitabibu.

Kwa sababu hiyo, ushauri nasaha hutangulia kipimo na hufuata baada ya majibu. Ndugu mwenye afya ana haki ya kutaka kujua na ana haki ya kutotaka kujua. Kwa watoto wasio na dalili, mwongozo unaokubalika na wataalamu ni kutowapima magonjwa ya utu uzima yasiyo na tiba, hadi wafikie umri wa kuamua wenyewe. Nchini, masuala ya vinasaba yanasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kuitumia rufaa ipasavyo

Safari ya mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na ya rufaa ya mkoa, na inapobidi hufika hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mgonjwa anayeruka ngazi hizo bila dharura hujikuta akianza upya kila mlango anaogonga. Anayezifuata akiwa na kumbukumbu kamili huokoa muda na fedha.

Kumbukumbu hizo ni pamoja na tarehe au msimu dalili zilipoanza, na jinsi zilivyobadilika. Dawa zote anazotumia au alizowahi kutumia, zikiwamo za asili. Kazi anayofanya na alizowahi kufanya. Kiasi cha pombe anachokunywa, akieleza bila kuficha. Ndugu waliowahi kuyumba, kupoteza uwezo wa kuona au kufa mapema, kwa pande zote mbili za ukoo. Na majibu ya vipimo vya nyuma pamoja na picha zenyewe, si karatasi ya maelezo pekee. Pale ambapo simu inaruhusu, video fupi ya mgonjwa akitembea, iliyochukuliwa kwa ridhaa yake na kurudiwa baada ya miezi kadhaa, inaweza kumwonesha daktari bingwa jambo ambalo dakika chache za kliniki haziwezi kuonesha. Dalili zinazokuja na kuondoka zinafaa kurekodiwa zikiwa zinatokea.

Mgonjwa ana haki pia ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuondoka: ugonjwa huu unadhaniwa kuwa nini, ni sababu zipi zimekwishaondolewa na kwa kipimo gani, na ni nini kitafanyika iwapo tiba iliyotolewa haitasaidia. Majibu ya maswali hayo yakiandikwa katika daftari, daktari wa ngazi inayofuata huendelea mahali mwenzake alipoishia.

Jibu lisipopatikana upesi

Wapo watakaofika mwisho wa vipimo vinavyopatikana bila jina la ugonjwa. Hilo si sababu ya kuacha huduma. Mazoezi tiba ya mizani na mwendo, yakifanywa kwa utaratibu, huwasaidia wagonjwa wa ataksia za aina nyingi kupunguza kuanguka. Wataalamu wa utengamao huweza kufundisha namna ya kula bila kupaliwa, jambo muhimu kwa kuwa chakula kinachoingia katika njia ya hewa huleta nimonia. Fimbo, kishikio ukutani karibu na choo na taa inayowaka usiku ni vitu vya gharama ndogo vinavyoweza kuzuia kuvunjika kwa nyonga.

Ufuatiliaji nao ni sehemu ya utambuzi. Kuna magonjwa ambayo mwanzoni hujionesha kwa kuyumba pekee, na dalili nyingine zinazoyatambulisha hujitokeza baada ya mwaka mmoja au miwili. Mgonjwa anayerudi kliniki kwa tarehe alizopangiwa humpa daktari nafasi ya kuziona. Aliyekata tamaa na kubaki nyumbani huondoa nafasi hiyo, pamoja na nafasi ya kufaidika na kipimo au dawa itakayopatikana baadaye.

Kwa jamii inayomzunguka, hatua ya kwanza haina gharama: anayeyumba asihukumiwe kabla hajapimwa. Mwalimu anayemwona mwanafunzi ambaye mwandiko wake umeharibika na anaanguka mara kwa mara uwanjani, kondakta anayemwona abiria akipepesuka mlangoni, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, kila mmoja anaweza kuwa wa kwanza kusema neno linalomfikisha mgonjwa hospitalini. Kwa mtoto mwenye uvimbe katika ubongo au mtu mzima anayekosa vitamini, wiki chache zilizookolewa kwa neno hilo ndizo zinazoweza kuamua kama atatembea tena bila kushikiliwa.